KWAMUT

Tulikuwa tumeshavuka reli pale Laini Saba ya Kibera, kioo cha nyuma kimeshapasuliwa na vipande vinatuingia kolani, ndipo Kaloki aliposema kebo haishiki.

"Haishiki vipi?" Munyao akauliza. Alikuwa anaendesha akiwa ameinama hadi kidevu kinagusa usukani, maana mawe yalikuwa bado yanatufuata.

"Laptop haioni GPS, mjomba."

"Na mimi sioni kwa kwenda. Niambie kushoto ama kulia!"

"Nikibahatisha nitakuingiza kwa mawe mengine. Ngoja kidogo."

"Ningoje? Waambie hao wa nyuma wangoje!"

Jiwe likapiga mlango wa upande wangu, mlango ukabonyea kama sufuria iliyokanyagwa. Munyao akakata kushoto bila kuambiwa.

GPS yenyewe ilikuwa ya kushika mkononi, nyeusi, nene, na antena fupi juu yake. Kaloki alikuwa ameifunga na vipande vya tyubu ya baiskeli juu ya dashibodi, karibu na kioo cha mbele, ili ione mbingu. Mgongoni mwake ilitoka kebo ya kizamani yenye kichwa cha pini tisa. Laptop haikuwa na tundu la namna hiyo, kwa hiyo alikuwa ameungia kebo nyingine fupi ya kugeuza pini tisa ziingie kwa tundu la USB. Umeme ulitoka pale pa kuwashia sigara. Kila tuliporuka shimo, kitu kimoja kati ya hivyo kilichomoka.

Kaloki, mpwa wake Munyao, alikuwa ameajiriwa na watu wa maji kuchora ramani ya vijia vya Kibera na Kawangware, kuanzia Lindi ya Kibera mpaka Congo, na hiyo Congo ni mtaa wa Kawangware, si nchi. Fujo za kura zilipoanza watu wa maji walikimbia wakamwachia vifaa. Yeye akaendelea kutembea. Kila alipokuta vijana wamefunga njia alibonyeza kile kidude kikaweka alama. Barabara unazozijua wewe, wiki ile zilikuwa zimefungwa, na zilizokuwa wazi ni zile usizozijua. Hizo alikuwa nazo Kaloki ndani ya laptop, lakini bila GPS kuunganishwa laptop haikujua sisi tuko wapi. Ilikuwa ramani tu.

Khamala, fundi seremala wa Gatwekera, alikuwa kando yangu kiti cha nyuma. Mke wake, Mideva, alikuwa ameenda Kawangware kumwona dada yake, fujo zikamkuta huko. Jioni iliyotangulia walimkata panga nyuma ya goti, akaanguka mtaroni, wakamwacha wakidhani amekwisha. Mama mmoja mwenye hoteli ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, jina lake Mutanu, alimvuta kwa makwapa akamficha nyuma ya magunia ya makaa. Asubuhi Mideva alipiga simu. Khamala alifungua sauti tukasikia sote.

"Niko kwa Mutanu. Siwezi simama. Wamesema wakishakula wanarudi, plot kwa plot. Baba Valentine, kuja na gari."

Halafu simu ikazima. Kwa hiyo sisi tulikuwa tunashindana na watu wanaokula.

Munyao alikuwa na gari, stesheni wagoni nyeupe ya kusambazia mikate. Alikuwa jirani, na Khamala ndiye aliyemtengenezea kitanda anacholalia, basi. Mimi nilibebwa kwa sababu ya mdomo. Nimetembea tangu nikiwa mdogo. Darasa la kwanza nilisoma Mutomo, la pili Voi, la tatu Tororo, la nne sikulimaliza mahali popote. Lakini kila nilipolala siku nyingi niliamka na lugha. Wiki ile, ukisimamishwa, salamu yako ndiyo iliyoamua kama utapita. Khamala hakuwa na ulimi wa kupita tulikokuwa tunaenda. Tulimfunga kitambaa kuanzia kidevuni hadi utosini, kama mtu wa jino, tukamwambia asifungue mdomo hata akikanyagwa.

"Kidude kinaongea," Kaloki alisema. "Kinaongea kila sekunde. Ni hii laptop inasikiliza tundu namba nne, na kebo imeingia namba saba."

"Si uhamishe," nikamwambia.

"Nimehamisha, mzee. Sasa inasikia lakini haielewi."

"Kwani ni lugha mbili tofauti?"

Alinigeukia kama nimemtusi. Halafu akajipiga paji la uso. "Aisee! Nilikibadilisha jana nikitoa alama. Kinaongea ya kiwandani kwao." Akanyoosha mkono hadi dashibodi, akabonyeza, akabonyeza tena, akakiamuru kidude kiache lugha ya kwao kiongee ile ambayo mashine zote zinaelewana.

"Umeona, Khamala?" Munyao akamwambia kupitia kioo. "Hata chuma kimeambiwa kiache ya kwao leo."

Khamala hakucheka. Alikuwa ameshika patasi yake ndani ya mkono wa koti.

Kwenye skrini kukatokea kidoti cha buluu. Kikasimama, kikarukaruka, halafu kikaanza kutembea, na ndio sisi. Nilikitazama nikasahau mawe. Tukitembea kinatembea, tukisimama kinasimama. Kaloki akachomeka waya wa sikioni. Ndani ya laptop kulikuwa na mwanamke anayesema kwa Kiingereza kata kulia, kata kushoto, na Kaloki alimsikia peke yake kwa sababu Munyao alishakataa mapema. "Siendeshwi na mzungu ndani ya gari yangu," alisema. "Akuambie wewe, wewe uniambie."

"Kulia hapa. Sasa nyoosha. Hapo mbele kuna matairi yanaungua, ingia huu uchochoro wa kanisa."

Tukatokea Ngong Road, tukaivuka na ilikuwa tupu kama siku ya Krismasi, tukaingia Kilimani, mageti yote yamefungwa, mbwa tu wanabweka. Kila alama ya Kaloki ilikuwa mahali pake. Tulikwepa watu waliolala barabarani na sikuangalia kama wanapumua. Mahali pengine tulipita nyuma ya kizuizi tukawaona migongo, wamesimama na mapanga wakingojea magari upande ule mwingine.

Khamala alinikuna paja, akaniuliza kwa kunong'ona kwa lugha ya kwao, "Kuka, kwa Mutanu iko ndani ya hiyo mashine?" Kuka ni babu. Aliniita hivyo siku zote.

Nikamuuliza Kaloki.

"Iko. Nilikuwa nakula hapo nikifanya kazi upande ule. Muthokoi yake, wacha tu." Akagusa skrini. "Hii hapa."

Nilisogeza uso nikasoma. Alama zilikuwa zimejaa kama nzi, kila moja na jina, na majina yote yalikuwa yamekatwa mkia, kwa sababu kidude kile cha zamani hakikubali zaidi ya herufi sita. Kwa Wangeci ilikuwa KWAWAN. Ile aliyogusa iliandikwa KWAMUT.

"Hiyo tu?" Khamala akanong'ona.

"Hiyo tu," nikamwambia.

Tulisimamishwa mara moja, pale Gitanga Road inaposhuka kuingia Kawangware. Kizuizi kile kilikuwa kipya, hakikuwa na alama. Meza za sokoni, kitanda cha chuma, na moto. Vijana wakatoka pande zote mbili. Sitasema walikuwa wa wapi. Kila upande ulikuwa na wake wiki ile, na mapanga yote yalikuwa yamenunuliwa duka moja.

Mmoja aliyevaa aproni ya mchinjaji juu ya suruali ya shule akainama dirishani kwangu. Aproni ilikuwa mbichi kwa damu. Alinisalimia kwa lugha yao, nikamjibu kwa hiyo hiyo. Akainua kiwiko akakigonga na ncha ya panga.

"Hii mnaitaje kwenu, mzee?"

Nikamtajia.

"Na huyo?"

"Huyo ana jino. Limeoza mpaka taya. Tunampeleka kwa mama wa kung'oa."

"Wacha nimsaidie." Akapitisha mkono mbele yangu, akampiga Khamala kofi la taya kwa nguvu zake zote. Kitambaa kikahama. Damu ikatoka puani ikateremka mdomoni. Khamala akamtazama, akaguna kama ng'ombe, hakusema neno. Yule kijana akampiga la pili. Khamala akaguna tena.

"Kweli hili limeoza," akawaambia wenzake, wakacheka. "Na nyinyi wa mbele, mnabeba nini?"

"Mikate," Munyao akajibu kwa Kiswahili. Kaloki alikuwa ameshafunika laptop na GPS kwa sweta. Walifungua nyuma wakachukua kreti mbili zilizobaki. Mmoja akapasua taa ya mbele kwa rungu, bila sababu, akaturuhusu. Tulipopita, kijana mmoja alikuwa amekalia kitu kilichofunikwa na gunia, na chini ya gunia kulitoka viatu viwili vya kike, vyekundu. Khamala aliviona. Nikamshika goti. "Si vyake," nikamwambia. "Si vyake."

Tukaingia vijia vya Gatina, ndani ya Kawangware. Gari lilikuwa likipita kati ya mabati na mabati, vioo vya pembeni vimeshang'oka. Kaloki akafunua vifaa. Kebo ilikuwa imelegea, akaikandamiza kwa kidole gumba. Kidoti kikarukaruka, kikarudi.

"Mita mia mbili. Kulia. Polepole, mjomba. Mia moja. Hapo kwenye kona ndio hapo."

Munyao akapinda kona na gurudumu likaingia mtaroni, gari likaruka, na waya wa sikioni ukachomoka kwa laptop.

Mbele yetu kulikuwa na uwanja mdogo na moshi wa nyama. Kulikuwa na duka lenye kulabu na nusu ya ng'ombe aliyening'inizwa, na juu ya mlango maandishi mekundu: MUTISO BUTCHERY. Vijana kama thelathini, arobaini, walikuwa wamechuchumaa na kukalia ndoo, wanakula. Mapanga yalikuwa yameegemezwa ukutani kwa safu, kama majembe siku ya kazi. Wakainua vichwa wote.

Hakuna aliyesogea. Nafikiri tungerudi nyuma taratibu. Lakini Khamala alikuwa ameshika roho toka asubuhi, na sasa ikamshinda. "Si hapa!" akapiga kelele kwa Kibukusu. "Kuka, si hapa! Hapa si kwa Mutanu!"

Wa aproni alikuwa miongoni mwao. Alikuwa amepita njia ya mkato kwa miguu akatutangulia, ameshuka kula. Akasimama, mfupa mkononi.

"Kumbe jino limepona," akasema.

Na hapo ndipo yule mwanamke wa laptop, kwa Kiingereza chake safi, sauti imefunguliwa hadi mwisho, akawatangazia wote kwamba tumefika tulikokuwa tunaenda.

"Mama gani huyo anaongea?"

"Angalia hapo mbele! Iko na antena! Ni redio!"

"Ni makarao, polisi hao! Wanaitana!"

Walikuja kama maji. Boneti ikalia chini ya marungu. Mkono ukaingia dirishani ukamshika Munyao sikio, ukalivuta, na sikio likachanika kwa juu akilia kama mbuzi. Nilikuwa na spana ya tairi miguuni. Niliupiga ule mkono hadi nikasikia mfupa ukivunjika, ukaachia. Upande wa Kaloki panga liliingia pasipo kioo. Akainua laptop usoni kujikinga. Panga likapasua skrini likakwama, akalivuta mwenye nalo na laptop ikaenda nalo, kebo ikang'oka ikabaki kwa kidude. La pili lilimpata mkono ulioinuliwa. Nilikiona kiganja kikilala upande ambao kiganja hakilali.

"Rivasi!" nikapiga kelele. "Munyao, rivasi!"

"Wako nyuma!"

"Wakanyage!"

Khamala akafungua mlango wake. Nilimshika koti, koti likabaki mkononi mwangu. Akatoka na patasi, akamfuata wa aproni, na yule kijana hakuwa amechukua panga bado, alikuwa na mfupa tu. Khamala alimchoma chini ya shingo mara mbili, haraka, kama mtu anayetoboa tundu la bawaba, akamwacha akishika koo kwa mikono miwili. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akafunga mlango wetu kwa mguu, akasimama kati ya gari na wao.

"Nendeni kwa Mutanu!" akatuambia. Kwa Kiswahili sasa, hakuwa na cha kuficha.

Munyao akakanyaga. Tulisikia mtu chini ya gurudumu la nyuma, halafu hatukusikia. Gari likienda nyuma unaona mbele, na sikuweza kugeuza shingo. Nilimwona Khamala akimchoma mwingine begani. Nilimwona akipigwa rungu la goti, akakaa. Akainuka. Wa kwanza alimkata begani, wa pili kichwani. Patasi ilianguka na yeye akaitafuta kwa mikono chini, kama aliyeangusha msumari. Wakamfunika. Mapanga yalipanda na kushuka, na walipochoka wengine walichukua zamu. Kisha wale waliokosa zamu wakaona gari, wakatukimbiza.

Walitukimbiza wote. Duka lile halikubaki na mtu. Munyao alirudi kinyumenyume vijia vyote vile, akigonga ukuta huku na ukuta huku, damu inamjaza jicho, mpaka kwenye lami. Akageuza. Tairi la nyuma lilikuwa limepasuka. Tukaenda kwa rimu, cheche zinaruka, na wao nyuma yetu wakirusha mawe na kuimba, hadi tulipokuta lori la askari limesimama kando ya barabara na askari wakapiga risasi hewani. Ndipo wakarudi.

Nilimfunga Kaloki mkono kwa koti la Khamala. Mwenyewe alikuwa anaangalia kidude, kilikuwa bado kimefungwa dashibodini na kimewaka, kebo inaning'inia.

"Mutiso," akasema.

"Nini?"

"Kwa Mutiso. Juzi nilipita hapo nikawaona wananoa. Nikaweka alama tusipite. Nikaandika Kwa Mutiso, kikakata. Kikaniuliza kama kibadilishe ile ya kwanza. Nilikuwa nakimbia, mjomba. Nikabonyeza ndiyo."

Munyao alikuwa ameshika kipande cha sikio na kiganja. "Mutiso, Mutanu, Mutua, Mutuku, Mutinda," akasema. "Nusu ya Wakamba ni Mut. Na wewe Mkamba! Hukujua?"

"Nilijua," Kaloki akasema, akazimia.

Hatukufika kwa Mutanu. Gari halikuweza na sisi hatukuweza.

Lakini Mutanu alisikia kelele zikihama kutoka kwa Mutiso kwenda upande wa lami. Hoteli yake ilikuwa kijia cha nyuma ya duka lile tu, na tangu asubuhi alikuwa anachungulia akiona mlango wa kijia umekaliwa na watu wale wakila. Alipochungulia safari hiyo hakukuwa na mtu. Alimlaza Mideva ndani ya mkokoteni wa maji, akaweka mitungi mitupu juu yake na kando yake, na yeye na binti yake wakasukuma mbio hadi kituo cha afya cha misheni. Alipita mbele ya duka la Mutiso. Aliona waliolala hapo, mmoja hana koti, hakumjua ni nani, na Mideva chini ya mitungi hakuona kitu.

Khamala alipatikana siku ya tatu, akazikwa kwao upande wa Chwele. Sanduku lilitengenezwa na fundi mwenzake wa Gatwekera. Mideva aliishi. Mguu haukunjiki. Anauza mboga Mbale na mtoto wao Valentine yuko darasa la juu kuliko nililofika mimi. Kijana wa aproni alikufa pale pale. Mama yake alikuja akamchukua, na jina lake nililisikia na sitaliandika. Yule aliyekuwa chini ya gurudumu letu sikupata habari zake. Hakuna aliyeshtakiwa, si wao wala sisi.

Mutiso mwenyewe, aliyekuwa ametoroka siku ya kwanza ya fujo, alirudi akaosha sakafu na kufungua tena. Mutanu alihamia Machakos na anapika huko. Munyao aliuza gari kama chuma chakavu, anavaa kofia siku zote, na hamsemeshi mpwa wake. Kaloki alikatwa mkono juu ya kiwiko. Anafundisha kompyuta kwa mkono mmoja kule mjini Wote. Laptop ilibaki kwa wale vijana. Kidude kiko kwa Munyao kabatini, betri zimevuja ndani yake.

Mimi nilitoka Nairobi mwezi uliofuata. Nimekaa Moyale, Lodwar, sasa niko Taveta.